Pipa la Mlangoni kwa Mama Zuena

Deo aliingia dukani kwangu Jabe, hapa Bujumbura, bila kusalimia mtu, akasimama katikati ya ndoo za rangi zilizopangwa mpaka darini, akafunga macho na kuvuta hewa kwa pua kama mtu aliyefika mlangoni mwa jiko la mama yake. Vijana wangu wa kazi wakatazamana. Mmoja akamuuliza, "Muzee, unatafuta nini?" Naye, macho bado amefunga, akajibu, "Natafuta mutu mumoja anaitwa Haruna. Alikuwa mwembamba, mdomo mkubwa." Nilikuwa nyuma ya kaunta nakunywa chai. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na miaka na sigara za Lusaka, lakini niliitambua kabla sijauona uso wake. Na tumbo langu hili lote nikaruka kaunta, nikaangusha brosi za kupakia, nikamkumbatia. Alikuwa amekuja kumzika mama yake huko Gitega, na kabla ya kurudi Zambia, ambako amezeeka akipaka rangi majumba ya watu, akaona apite anione. Akazunguka duka, akagonga ndoo moja kwa kidole, akachungulia ghala. "Kumbe ni kweli," akasema. "Wameniambia we umekuwa patro, bosi mukubwa." Nikamwambia, "Wamekuambia kidogo."

Wanaonijua wanajua kwamba sifichi. Shule niliiacha darasa la nne, na leo mainjinia wenye diploma zilizofungwa kwenye fremu wananipigia simu kuniuliza wapake nini ukuta unaonyonya maji ya ziwa. Duka hili, ambalo mjini kwetu watu wanaliita kenkayeri, nimelijenga kwa mikono yangu na kwa pua yangu. Ukikutana na mpaka rangi mzuri Bujumbura, muulize alijifunza kwa nani. Kama hatanitaja mimi, atamtaja mtu niliyemfundisha mimi. Sijisifu, nasema ukweli, na kama ukweli unafanana na sifa, hilo si kosa langu. Lakini siku ile nilipompeleka Deo kula mukeke wa kuchoma na ndizi, hatukuongea habari ya duka hata kidogo. Tuliongea habari za mwaka mmoja tu, mwaka wa Bwiza, na tulicheka mpaka mwenye mgahawa akaja kuuliza kama samaki ana shida.

Mwaka ule bunduki zilikuwa zimenyamaza, na watu wakaanza kuziangalia kuta zao. Huo ndio ukumbusho wangu wa amani, mimi. Wengine watakuambia habari za mikutano na kusaini makaratasi, mimi nakumbuka mtu amesimama barabarani, mikono kiunoni, anaangalia nyumba yake kama anaiona mara ya kwanza, anasema, "Hii nyumba imekuwa chafu namna hii tangu lini?" Kila mtu akataka rangi. Miradi ikapaka ofisi zake Rohero, matajiri wakapaka majumba yao mlimani Kiriri, na huko Kiriri ndiko nilikokuwa nabeba mchanga, kijana asiye na fundi wala ufundi. Siku moja msimamizi akanionyesha ndoo zilizobaki, nyingine zimefika nusu, akasema, "Kamwage mu rigoli." Rigoli ni ule mtaro wa pembeni ya barabara. Nikasogea, nikainamisha ndoo ya kwanza, na rangi nyeupe, nzito, nzuri kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, ikaanza kushuka kuelekea mjini. Mkono ukakataa. Nikamuuliza, "Chef, badala ya kumwaga, naweza kuchukua?" Akacheka, "Utaipeleka wapi? Utakunywa?" Aliyekuwa juu ya ngazi akipaka dari ya baraza, kijana mrefu wa Gitega, akachungulia chini na kuniambia taratibu, "Ukichukua, usichanganye ya mafuta na ya maji. Zikikutana zinaharibiana." Huyo ndiye Deo. Jioni tulishuka pamoja, ndoo vichwani, na mpaka tunafika mjini tulikuwa tumeshakuwa na kazi: kukusanya mabaki ya rangi, kuyachuja na kuyauza.

Chumba tulipanga Bwiza, kwa Mama Zuena, Mungu amrehemu. Alikuwa mjane wa Kiislamu, mwanamke wa mji tangu bibi zake, mwenye kanga mbili mabegani hata wakati wa joto na sauti inayofika barabara ya nyuma. Alikaanga sambusa asubuhi na mandazi jioni, na moshi wa mafuta yake ulikuwa umepaka kuta za uani rangi ambayo sijawahi kuipata tena kwenye mkebe wowote. Chumba chetu kilikuwa kile cha mwisho, karibu na jiko. Kitanda kimoja, tukilala kichwa huku na kichwa kule, na chini ya kitanda mikebe imegeuzwa kichwa chini, kwa sababu mkebe ukifungwa vizuri na kugeuzwa, hewa haiingii, rangi haigandi ngozi. Hilo alinifundisha Deo. Mimi nilimfundisha kuchuja kwa chandarua kikuukuu badala ya kitambaa, maana kitambaa kinakunywa rangi na chandarua hakinywi. Tulikuwa tunakaa uani, chandarua kimefungwa kwenye mdomo wa pipa, yeye anamimina, mimi nakologa kwa mti. Matambara yenye rangi ya mafuta tulikuwa tunayatandaza kwenye kamba moja moja, hatuyarundiki, kwa sababu rundo lake linapata joto lenyewe mpaka linawaka. Mama Zuena alikuwa hataki kuamini. "Nguo inawaka bila moto?" alikuwa akisema. "Basi nyinyi si mafundi, ni wachawi."

Kilichotuchonganisha naye ni maharage. Ilikuwa Ramadhani imeanza, na alasiri moja nikapita jikoni nikaona maharage ya futari yamelowekwa ndani ya ndoo ninayoijua. Nikasimama. "Mama Zuena, hii maharage umeloweka mu nini?" "Mu ndoo. Huoni?" "Hii ndoo ilikuwa na rangi ya mafuta." "Ilikuwa. Nimeiosha na esansi. Iko safi kuliko moyo wako." Esansi ni petroli, ndugu msomaji. Na si yeye peke yake. Bwiza nzima, Buyenzi yote, ndoo nzuri yenye mkono na kifuniko ilikuwa haitupwi, inaoshwa na esansi mpaka ing'are, kisha inawekwa mawese, inawekwa maji ya kunywa, inawekwa unga. Nilijaribu kumweleza kwamba ndoo ya plastiki ya namna ile inanyonya, kwamba rangi na esansi zinabaki ndani ya ngozi yake, zinatoka polepole ndani ya chakula. Akaniambia alikuwa anapika kabla mama yangu hajazaliwa. Basi nikainyanyua ndoo, nikamwaga maharage yote chini, na leo ningemwaga tena. Kelele iliyofuata walisikia mpaka msikitini. Wapangaji wote walitoka. Deo alitoka na brosi mkononi akarudi ndani taratibu, kama aliyesahau kitu. "Mutu anafunga tangu alfajiri, we unamwaga futari yake!" Mama Zuena alikuwa anatetemeka kanga. "Sikia, Haruna. Sikia vizuri. Mwezi wa Idd ukiandama, weye na mwenzako na hiyo sumu yenu muko barabarani. Kiwanja changu si jalala."

Hapo ndipo nilipopata kujua hofu. Buyenzi walikuwa wameshatufukuza kwa sababu ya harufu, na Jabe, hii Jabe ambako leo nina duka, walitutoa hata kabla hatujashusha mapipa. Hakuna mtu aliyekuwa anataka vijana wawili wenye rangi za watu wengine uani kwake. Bila uwanja wa kuchujia hatuna kazi, na bila kazi Deo anarudi kulima Gitega, na mimi narudi kubeba mchanga Kiriri, na labda hadi leo ningekuwa naubeba. Nililala njaa siku ile, si kwa saumu. Lakini Mungu ana namna zake. Kesho yake Mama Zuena akapata ujumbe: wakwe zake kutoka Rumonge, wafanyabiashara wa mawese, watu wenye maringo, watakuja siku ya pili ya Idd kumalizia mambo ya ndoa ya Zuena, binti yake wa pekee. Na kwetu, ukuta wa mbele ukiingia Idd na uchafu wa mwaka jana, watu wanapita wanauliza kama kuna mgonjwa ndani. Mama Zuena akajifunga, akaenda mjini kuuliza bei ya rangi. Akarudi mikono mitupu, bei imemshinda. Alikaa kwenye kigoda chake, akawa anaangalia ukuta uliobanduka mpaka matofali yanaonekana, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ana miguu midogo kama ya mtoto.

Nikamwendea. "Mama, tutakupakia. Uso wa nyumba na sebule. Rangi yetu." "Ile mabaki?" "Ile ile. Ikishika, tunabaki hapa. Isiposhika, usingojee kitu, utufukuze siku hiyo hiyo." Akauliza, "Na ikibanduka mbele ya wakwe?" "Ikibanduka, mi mwenyewe nitasimama mbele ya ukuta, nitandaze kanzu, wasione kitu." Alicheka kwa pua, bila kutaka. "Wewe ni mwembamba, kanzu haitatosha. Haya. Lakini hilo pipa sitaki uani. Liwekeni mulangoni, linuke huko huko barabarani." Tukaliweka mlangoni. Deo akatoa karibu akiba yetu yote nzuri, nyeupe za ofisi za Rohero, za maji tupu, tukachuja mara mbili, tukatia njano kidogo, na pipa likawa na rangi ya malai ambayo ukiiangalia unataka kuchovya mkate. Tukalifunika kwa bati mpaka siku za mwisho za mfungo, ukuta uingie Idd bado mpya. Nikamwambia Deo, "Sasa kazi imebaki ya mdomo." Akasema, "Basi imeisha."

Kwa sababu, sikiliza, mimi nilikuwa nimeamua kwamba sitaishi tena mahali ambapo watu wanaogopa rangi kwa kutojua, na hawaiogopi pale inapotakiwa kuogopwa. Nikaanza kufundisha. Hakuna aliyenituma, hakuna mradi, hakuna fulana wala kofia. Baada ya alasiri nilikuwa nasimama pale wazee wanapokaa kungoja magharibi, kwenye kibanda cha Sumaili, fundi wa baiskeli, nikawa nahubiri. Asubuhi nilikuwa bombani kwa wanawake. Hata kwenye mabaa ya Bwiza niliingia, mimi niliyefunga, nikasimama kati ya chupa za watu na kuwaambia msimwage rangi mu rigoli, ile maji inashuka mpaka ziwani, na ndagala mnaokula wamekunywa hiyo hiyo. Msichome mikebe, inapasuka. Msiwekee chakula. Na kila mwisho wa maneno nilikuwa na sentensi moja ambayo nilijivunia sana, nimeitengeneza mwenyewe: "Rangi ikibaki, isiende kwenye mtaro, ije kwetu, pipa iko mulangoni kwa Mama Zuena." Sumaili alikuwa ananichokoza. "Haruna, mwaka jana uliuza soksi. Mwaka huu umekuwa shehe wa rangi. Mwaka kesho?" "Mwaka kesho nitakuuzia baiskeli ambayo haiharibiki, ufe njaa." Wazee wanacheka, meno makavu ya saumu yanaonekana. Nikajua wameshanisikia.

Na walikuwa wamenisikia. Ile siku nakumbuka kama jana, na Deo naye alipoitaja juzi mezani alishika kichwa. Ilikuwa karibu na magharibi, ule wakati mzuri kuliko wote wa Ramadhani, wakati sahani zinatembea. Sijui miji mingine wanafanyaje; Bwiza, kabla ya adhana, kila nyumba inatoa kitu inapeleka kwingine, njia zinajaa wanawake na watoto wenye sahani zilizofunikwa kwa kitambaa, uji wa pilipili manga huku, ndizi za mawese kule. Wazee wa kibandani walikuwa na sufuria moja kubwa, na uji wa kila nyumba ulikuwa unamiminwa humo humo, mzito na mwepesi, wenye sukari na usio na sukari, ili pasiwe na mtu wa kujua wa nani ulikuwa maji. Mimi nilikuwa uani natawadha. Deo, Mkristo, alikuwa ameshakaa kwenye mkeka kabla ya Waislamu wote, maana siku za futari alikuwa hakosi. "Mi nafunga kutoka saa tisa," alikuwa anasema. Tukawa tunasikia watu mlangoni. Sauti ya mwanamke: "Hapa ndiyo ya wale vijana?" Sauti nyingine: "Ndiyo, wamesema tulete." "Bismillahi." Kisha mlio wa bati. Kisha mwingine. Mzee mmoja anakohoa, "Kidogo nilichonacho, Mungu apokee." Bati linalia tena. Nilimwangalia Deo, Deo akaniangalia. Nilijua ni watu wanaweka mikebe yao juu ya bati. Kifua kikanijaa. Nikamwambia, "Unaona? Watu wanaelewa wakielezwa na mutu anayejua kuongea." Akaitikia kwa tende mdomoni.

Asubuhi nilifunua bati. Hapakuwa na mkebe hata mmoja. Walikuwa wamemimina. Rangi yetu ya malai ilikuwa imekatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Juu inaelea bluu ya mafuta, katikati madonge, chini chokaa imekaa kama ugali, na kitu cha kahawia kimezunguka ukingoni kikinukia mbao. Deo alitia mti, akautoa, akautazama. Mama Zuena akaja na fagio. Akachungulia. "Hii ndiyo rangi ya wakwe zangu?" Akarudi ndani, na kutogomba kwake kuliniuma kuliko kelele za maharage. Wakati huo huo Sumaili anapita na baiskeli, anasimama, anachungulia kwa furaha. "Munaona ile inang'aa pembeni? Ni verni ya kung'arisha kitanda yangu. Nimewapa yote. Sasa ukuta ya Mama Zuena itawaka kama gari." Ningefanya nini? Ungemkaripia mtu aliyetoa verni ya kitanda chake? Nikamwambia, "Mungu akulipe, muzee." Akaenda anapiga kengele.

"Tufunge vitu," Deo akasema Sumaili alipokwisha kupita. "Twende wapi?" "Ngagara." "Ngagara wanatujua?" "Apana." "Sasa?" "Ndiyo maana nasema Ngagara." Nilikataa. Wengine wanasema kiburi, lakini mimi nasema kiburi kimejenga majumba mengi mji huu. Nilikaa kwenye kigoda cha Mama Zuena, nikaliangalia lile pipa, na nikaona kwamba watu hawakuwa wamefanya kosa. Niliwaambia walete, wakaleta vile mikono yao inavyojua kuleta: chombo kimoja, kila mtu kidogo chake, kwa jina la Mungu, na isijulikane cha nani ni chepesi. Tangu hapo nimeona semina nyingi. Nimeona watu wanakuja na picha ukutani na soda kwa kila mtu, wanafundisha, wanaondoka, na hakuna kinachobaki isipokuwa chupa. Mimi najua sababu. Kabla hujamfundisha mtu, angalia kwanza mkono wake unaenda wapi wenyewe. Elimu yangu yote iko hapo, na niliipata asubuhi moja, mlangoni kwa mwanamke aliyetaka kunifukuza.

Alasiri nikarudi kibandani kwa Sumaili. Nikaomba glasi mbili za maji, nikaziweka juu ya benchi kati ya spoko na minyororo. Wazee wakasogea, ukimwonyesha maji mtu aliyefunga, atasogea. Nikachovya mti kwenye rangi ya maji, nikautia glasi ya kwanza: maji yakawa meupe yote. Nikachovya mwingine kwenye rangi ya mafuta, nikautia glasi ya pili. "Angalieni hii. Inakataa. Inakaa juu peke yake kama bwana harusi. Hizi mbili hazioani. Mukizitia pipa moja, mumeua zote." Kisha mzee mmoja, "Kumbe jana…" Nikasema, "Ndiyo. Jana imekufa." Na nikawaambia yote: kwamba ile ilikuwa rangi ya ukuta wa Mama Zuena, kwamba wakwe wanatoka Rumonge, kwamba sisi tutafukuzwa. Sumaili aliweka spana chini. "Na verni yangu?" "Verni yako ndiyo imeshika kisu, muzee." Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye mwenyewe alipoanza.

Mwanamke mmoja, muuza mkaa wa jirani, akatia mikono kiunoni. "Mama Zuena apokee watu wa Rumonge na ukuta ya aibu? Watu wa Rumonge? Apana. Nyumbani iko ingine, nitaleta." "Lete, mama, lakini ndani ya mkebe wake, na kifuniko. Usimimine." "Na kama sijui ni ya mafuta ao ya maji?" "Lete hivyo hivyo. Sisi tutanusa, tutajaribu. Hata kama ni sadaka, usimimine." Akanikazia macho. "Sasa thawabu naipata wapi kama mi mwenyewe simimini?" "Thawabu iko ndani ya mkebe, mama. Inasafiri na kifuniko." Akafikiri. "Basi iko sawa," akasema, na akaenda, na wengine wakaenda. Sikudanganyi: hawakwenda kwa ajili yangu wala kwa ajili ya ndagala wa ziwani. Walikwenda kwa sababu ya watu wa Rumonge.

Lile pipa lililokufa hatukulimwaga popote. Tuliomba vumbi la randa kwa maseremala, tukachanganya na mchanga, tukakologa mpaka mikono ikafa ganzi, tukatandaza juu ya mabati ya zamani juani. Ikakauka ngumu kama keki iliyosahauliwa, ndipo tukaibeba kwenda jalalani, maana rangi ngumu haitembei. Na mikebe ikaja. Mwenzangu, ungeona mlango ule! Mikebe ya maziwa ya unga, makopo ya nyanya, bidoni za plastiki, chupa, imepangwa kando ya ukuta na vifuniko vya mifuko iliyofungwa kwa uzi. Kijani ya dirisha la msikiti. Waridi ya saluni. Bluu ya mwenye baa, iliyoletwa na mwenye baa mwenyewe akisema hataki kuingia lakini anasalimia. Deo alichuchumaa, ananusa, anachovya, anatenga: mafuta kule, maji huku. Tulipomaliza, za maji zilitosha ukuta wa mbele na sebule, lakini hakukuwa na rangi mbili zilizofanana. Hakukuwa na namna. Tukazichuja zote pamoja na nyeupe ya mwisho iliyobaki chini ya kitanda, Deo akakologa, na mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na la kusema, kwa sababu hatukujua itatoka nini. Ikatoka rangi ya chai ya maziwa, iliyokolea tangawizi.

Tulikwangua ukuta, tukauosha, tukaungoja ukauke, tukapaka. Mama Zuena alikuwa anapita na sinia kichwani, hatazami. Siku ya mwisho akasimama. "Hii ni rangi gani?" "Ni rangi ya Bwiza, mama," Deo akasema kutoka juu ya ngazi. "Inafanana na chai," Mama Zuena akasema. "Basi wageni watajua wamekaribishwa." Mama akaenda zake, lakini nilimwona anageuka mara moja. Siku ya Idd yenyewe mvua ikashuka, ile mvua ya kwetu inayokuja na hasira kutoka milimani, ikapiga ukuta kuanzia swala mpaka saa ya chakula. Nilisimama ng'ambo ya barabara na kanzu yangu mpya imeniganda mwilini, naangalia kama chai itashuka. Maji yaliyokuwa yanashuka ukutani yalikuwa safi, maji tu. Deo akaja kunivuta mkono, "Twende tule pilau, ukuta hautakimbia." Sikwenda. Nilikula pilau ile imepoa, na mpaka leo sijakula pilau tamu kuliko ile.

Wakwe wakafika kesho yake, wanawake wa Rumonge waliojaa dhahabu na manukato, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni napokea mizigo. Mmoja wao, mama mkubwa wa bwana harusi, alisimama kabla ya kuingia. Akaweka kiganja chake ukutani. Akasugua. Akaangalia kiganja. "Dada," akamwambia Mama Zuena, "hii rangi mumenunua wapi? Nimezunguka madukani sijaiona." Mama Zuena alijitanda kanga yake vizuri, akanipita kwa macho mimi, akampita Deo aliyejificha nyuma ya mlango, akasema kwa ile sauti yake inayofika barabara ya nyuma, "Hii hawauzi madukani, dada. Vijana wangu wanaipika hapa hapa."

Vijana wangu. Deo alinikanyaga mguu, nami nikamkanyaga. Lakini tulikuwa bado hatuna uhakika. Neno la mbele ya wageni ni neno la mbele ya wageni. Usiku tukafunga nguo zetu kwenye mfuko, ili tukifukuzwa tusichelewe. Asubuhi tukaamshwa na kelele za barabarani. Tulitoka mbio, Deo kifua wazi, mimi kiatu kimoja, na mlangoni tukakuta watu wamejaa, wenye mikebe na wasio na mikebe, wengine wametumwa na watu wa Buyenzi kuulizia ile rangi ya chai. Mama Zuena alikuwa amesimama katikati yao na fagio kama askari wa barabarani, jasho linamtoka. "Weye, ya mafuta huku! Weye, hiyo ni ya maji, weka kule. Hujui? Basi weka katikati, vijana watanusa. Na weye muzee Sumaili, funika! Funika hiyo! Nani amekuambia umimine?"